Umeme wa waya mmoja: Funzo la Fumba kwa Kasekese

Na Mwandishi Wetu

KISIWA cha Unguja kimezungukwa na maji pande zote, ilhali kata ya Kasekese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, imo ndani kabisa ya nchi kavu. Hata hivyo, kwa upande wa umeme mambo yalikwenda kinyume. Unguja ilianza kupata umeme wa gridi ya Tanzania Bara mwaka 1980, kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari. Katavi, ambako hakuna bahari ya kuvuka, iliendelea kwa miongo minne mingine kutegemea majenereta ya dizeli yaliyofungwa mjini Mpanda.

Kwa maneno mengine, kwa hesabu za umeme, Kasekese ndiyo iliyokuwa kisiwa, na Unguja ndiyo iliyokuwa Bara.

Hali hiyo imeanza kubadilika kutokana na mradi wa njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Tabora hadi Mpanda, kupitia Ipole na Inyonga, yenye urefu wa kilomita 383. Ni mradi uliosubiriwa kwa hamu na wakulima wa mahindi, mpunga, pamba na tumbaku wa wilaya ya Tanganyika, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiuza mazao yao yakiwa ghafi kwa sababu kiwanda hakiwezi kuendeshwa kwa umeme wa kubahatisha.

Lakini kabla ya shangwe, lipo swali ambalo wakazi wa Katavi wanapaswa kuliuliza, na jibu lake liko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, katika ufukwe wa Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Je, mahali panapopokea umeme wote kwa njia moja tu hubaki na nini siku njia hiyo inapokatika?

Zanzibar imekwisha kulijibu swali hilo mara mbili, na kila mara kwa gharama kubwa.

Kebo ya mwaka 1980

Mji wa Zanzibar ulikuwa na umeme wake tangu enzi za usultani, ukizalishwa na mitambo iliyokuwa kisiwani humo humo. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, kuzalisha umeme kwa dizeli kulizidi kuwa mzigo. Upande wa pili wa bahari, Tanzania Bara ilikuwa imejenga bwawa la Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, na umeme wa maji ulikuwa nafuu mno kuliko wa mafuta.

Ndipo ilipolazwa kebo ya kwanza, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, Unguja, umbali wa takriban kilomita 40. Ilikuwa ya msongo wa kilovoti 132, ikiwa na uwezo wa kupitisha megawati 45. Kwa mahitaji ya wakati ule, uwezo huo ulionekana kuwa mkubwa.

Maumbile ya bahari nayo yalisaidia. Mkondo wa bahari unaotenganisha Unguja na Bara ni wa kina kifupi, na wanajiolojia wanaeleza kuwa zamani za kale kisiwa hicho kilikuwa kimeshikana na Bara. Pemba ni tofauti. Imetengwa na bahari yenye kina cha mamia ya mita, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kisiwa hicho kuendelea kutumia dizeli kwa miaka 30 zaidi, huku Unguja ikifaidi umeme wa Kidatu.

Katika miaka iliyofuata, kwa msaada mkubwa wa Norway, nguzo za umeme zilisambazwa katika vijiji vya Unguja. Baadaye yakaja mageuzi ya uchumi na hoteli za kitalii zikaota kuanzia Nungwi hadi Makunduchi. Kila kijiji kilichopata umeme na kila hoteli iliyofunguliwa iliongeza mzigo katika kebo ile ile moja. Ilipofika mwaka 2008, kisiwa kilikuwa kimefika ukingoni mwa uwezo wake.

Usiku wa Mei 21

Usiku wa Mei 21, 2008, umeme ulikatika Unguja nzima. Haukuwa ule ukatikaji wa kawaida unaowafanya watu wangoje saa moja au mbili. Hitilafu ilikuwa katika mfumo wenyewe wa kebo, na hapakuwa na njia nyingine ya kuupitishia umeme. Kisiwa kikakaa gizani hadi Juni 18, takriban wiki nne.

Jambo la kwanza kuwaumiza wananchi halikuwa giza, bali maji. Maji ya mji wa Zanzibar husukumwa kwa pampu zinazotumia umeme kutoka visimani, hivyo umeme ulipokatika mifereji nayo ilikauka. Wanawake na watoto walirudi kwenye visima vya zamani na foleni za ndoo, na wachuuzi wa maji wakapata soko ambalo hawakulitarajia. Wenye hoteli kubwa waliwasha majenereta na kuendelea na kazi kwa gharama kubwa. Fundi cherehani, kinyozi, mchomeleaji vyuma, muuza barafu na mvuvi anayehitaji barafu hiyo hawakuwa na cha kuwasha.

Madhara hayo yalipimwa baadaye. Mchumi Alfredo Burlando wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alichunguza athari za mwezi ule na kubaini kuwa waliopata pigo kubwa la kipato ni wale ambao kazi zao zilitegemea umeme. Alibaini pia kuwa watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza hilo walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida, na kwamba miezi kadhaa baadaye idadi ya waliozaliwa iliongezeka. Hayo ya uzazi yalichekesha watu mitaani, lakini la uzito wa watoto si la kucheka. Lina maana kwamba hitilafu ya waya iliwafikia hata ambao walikuwa bado hawajazaliwa.

Lipo jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana wakati huo. Pemba, iliyokuwa ikionewa huruma kwa kukosa umeme wa gridi, haikuguswa na hitilafu hiyo. Mitambo yake ya dizeli ya Wesha, pamoja na uchakavu na gharama zake, iliendelea kuzalisha kile ilichoweza. Kisiwa maskini kwa umeme kilibaki na taa, na kile kilichojiona tajiri kikarudi kwenye vibatari.

Somo halikuwaingia wahusika kwa haraka. Desemba 10, 2009, mfumo huo huo uliharibika tena, na safari hii Unguja ilikaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Giza hilo liliikuta nchi katika kilele cha msimu wa watalii wa Krismasi na Mwaka Mpya.

Njia ya pili, kwa fedha za wageni

Hatua kadhaa zilichukuliwa kuondoa udhaifu huo, na ni vyema zikatazamwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa ndizo zinazoihusu Katavi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kufunga majenereta ya akiba katika eneo la Mtoni, yenye uwezo wa megawati 25, kwa msaada wa wafadhili. Hayakutosha kisiwa kizima, lakini yalitosha kuendesha hospitali, pampu za maji na huduma nyingine ambazo mji hauwezi kuishi bila hizo.

Hatua ya pili ilikuwa kuiunganisha Pemba na Tanga. Kebo hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Nexans na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Norway, ilikamilika mwaka 2010. Ina msongo wa kilovoti 33 na urefu wa zaidi ya kilomita 70.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Februari 2008, miezi mitatu tu kabla ya giza la kwanza, Rais George W. Bush wa Marekani na Rais Jakaya Kikwete walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, MCC. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kulaza kebo ya pili kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, yenye uwezo wa megawati 100, kazi iliyofanywa na kampuni ya Viscas ya Japani. Kebo hiyo ilianza kazi mwaka 2013.

Ni hatua nzuri, lakini zote zina sura moja. Njia ya pili ilijengwa pale mfadhili alipopatikana, wala si pale hatari ilipoonekana. Na mfadhili ana yake. Machi 2016, MCC ilisitisha ushirikiano wake na Tanzania, ikitaja marudio ya uchaguzi wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Awamu ya pili ya msaada huo, iliyokuwa na thamani ya dola milioni 472 na iliyolenga hasa sekta ya umeme, ikayeyuka.

Kwa hiyo, kura zilizopigwa Unguja na Pemba ziliathiri miradi ya umeme iliyokuwa ikisubiriwa na wananchi wa Bara ambao hawakupiga kura hizo. Huo ndio undani wa mambo ya gridi, kwamba waliounganishwa kwa waya huunganishwa pia kwa matatizo.

Deni na vibatari

Kebo ya umeme si shaba na plastiki pekee. Ni mkataba wa mauziano. Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, huuza umeme kwa jumla, na Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, huununua na kuwauzia wananchi rejareja. Umeme si miongoni mwa mambo ya Muungano. Kila upande una shirika lake, sheria zake na mdhibiti wake, EWURA kwa Bara na ZURA kwa Zanzibar. Kwa mantiki hiyo, nyaya zilizolala chini ya bahari zinaunganisha mifumo miwili iliyo chini ya mamlaka mbili, hata kama bendera ya Jamhuri ni moja.

Udhaifu wa mpangilio huo ulijitokeza Machi 2017. Rais John Magufuli aliiagiza TANESCO kuwakatia umeme wadaiwa wote sugu bila kujali wadhifa wao, na akaitaja Zanzibar, ambayo deni lake lilikuwa limepita shilingi bilioni 120. Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, alijibu kwamba kama umeme utakatwa, Wazanzibari wako tayari kurudi kwenye vibatari. Kwa siku kadhaa mjadala huo ulitawala vyombo vya habari na baraza za kahawa za pande zote mbili.

Umeme haukukatwa. ZECO ililipa sehemu ya deni na mazungumzo yakaendelea. Mwaka 2019 Serikali ya Muungano ilichukua hatua ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani katika umeme unaouzwa Zanzibar, kodi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mojawapo ya kero zilizokuwa zikitajwa katika vikao vya Muungano.

Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Lakini tukio la 2017 linaonyesha pia upande wa pili wa methali hiyo. Zanzibar iliweza kujibizana kwa sababu ina serikali, rais na shirika lake. Ilikuwa mteja mwenye kauti, na mteja mwenye kauti hukaa mezani. Mwananchi wa Kasekese hana shirika lake la umeme. Yeye ni mteja wa TANESCO kama alivyo mkazi wa Masaki au Oysterbay, kwa bei zile zile, lakini hana meza ya kukalia.

Dunia nayo imefungwa kwa nyaya

Tanzania haiko peke yake katika jambo hili. Sweden ilikiunganisha kisiwa chake cha Gotland na nchi kavu kwa kebo ya bahari tangu mwaka 1954. Uingereza na Ufaransa ziliunganisha gridi zao chini ya mlango wa bahari mwaka 1961. Mwaka 2021 Norway na Uingereza zilizindua kebo ya kilomita 720 yenye uwezo wa megawati 1,400, kiasi ambacho ni mara 14 ya kebo kubwa ya Unguja.

Kebo hizo ndefu hazitumii umeme wa aina moja na wa majumbani. Umeme wa kawaida ni wa mkondo geu, ambao hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Ukipitishwa katika kebo ndefu chini ya maji, sehemu kubwa ya uwezo wa kebo huishia katika kuijaza na kuitoa chaji kebo yenyewe, na kinachofika upande wa pili hupungua. Ndiyo maana kwa umbali mrefu wataalamu hutumia mkondo mnyoofu, ambao huenda upande mmoja tu. Umbali wa Unguja na hata wa Pemba ni mfupi kiasi cha kuruhusu mkondo geu.

Mkondo mnyoofu una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba ni vigumu na ghali kuuchepusha njiani. Mfano wake uko ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, jirani na wilaya ambayo Kasekese imo. Mwaka 1982 iliyokuwa Zaire ilikamilisha njia ya mkondo mnyoofu ya takriban kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi migodi ya shaba ya Katanga. Nyaya zilipita juu ya vijiji visivyohesabika, na vijiji hivyo vikabaki gizani chini yake. Njia ya Tabora hadi Mpanda ni ya mkondo geu na ina vituo vya kupoza umeme njiani, hivyo inaweza kuvihudumia vijiji inavyovipitia. Hiyo ni neema ambayo Wakongo wengi hawakuipata.

Kuhusu usalama wa nyaya, mataifa tajiri nayo yameonja machungu. Desemba 25, 2024, kebo ya Estlink 2 inayounganisha Finland na Estonia ilikatika, na mamlaka za Finland zikaikamata meli ya mafuta iliyoshukiwa kuburuta nanga juu yake. Estonia haikuingia gizani. Ilikuwa na kebo nyingine, ilikuwa na njia za nchi kavu kwa majirani, na ilikuwa na mitambo yake. Ukilinganisha tukio hilo na lile la Unguja la 2008, utaona kwamba tofauti haikuwa katika ubora wa kebo iliyokatika, bali katika idadi ya njia zilizobaki.

Katavi na njia moja

Tukirejea Katavi, mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ulizaliwa nje ya gridi. Jirani zake wa kusini, Sumbawanga, walikuwa wakipata umeme kutoka Zambia. Kagera, kaskazini magharibi, ilikuwa ikipata kutoka Uganda. Kigoma ilitegemea majenereta hadi gridi ilipoanza kuifikia mwaka 2022. Ukanda wote wa magharibi ulikuwa kama visiwa vilivyotawanyika, kila kimoja na chombo chake.

Umeme wa dizeli ulikuwa hasara kwa pande zote. TANESCO hutoza bei moja nchi nzima, na mtumiaji mdogo wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Gharama ya kuzalisha uniti hiyo kwa dizeli iliyosafirishwa hadi Mpanda ni kubwa kuliko bei hiyo mara kadhaa. Shirika lilipata hasara kwa kila uniti iliyouzwa, hivyo halikuwa na motisha ya kuongeza wateja. Mwananchi naye alipata umeme haba usioweza kuendesha kinu cha kukoboa mpunga kwa uhakika. Kuunganishwa na gridi ndiyo njia pekee ya kuvunja mnyororo huo, na hakuna anayepaswa kulipinga.

Wakati huo huo, tatizo la nchi limehama. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Umeme wa kuzalishwa si haba tena kama ilivyokuwa enzi za mgawo. Kilicho haba ni njia za kuufikisha. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa Serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka mbali hupotea njiani na kusababisha hasara ya mabilioni. Kauli hiyo iliwashangaza wengi waliodhani bwawa limemaliza kila kitu. Ukweli ni kwamba umeme ni kama maji ya mfereji, ukubwa wa tangi haumsaidii aliye mwisho wa bomba refu na jembamba.

Katavi iko mwisho wa bomba hilo. Kilomita 383 za nyaya kutoka Tabora, sehemu kubwa zikipita katika misitu ya miombo, ni karibu mara 10 ya umbali wa Ras Kiromoni na Fumba. Ni kweli kwamba waya wa juu ya nguzo hutengenezwa kwa siku au saa, wakati kebo ya bahari huhitaji meli na mafundi kutoka nje. Hata hivyo waya wa juu una maadui wengi zaidi. Upo radi, upo moto wa msituni, upo mti unaoanguka na yupo mwizi wa vyuma vya minara. Na gridi yenyewe ikianguka, kama ilivyotokea Aprili 1, 2024, waliounganishwa huzama pamoja, Unguja, Pemba na mikoa ya pembezoni.

Nini kifanyike

Funzo la kwanza la Fumba ni kutoyatupa majenereta. Kawaida, mara gridi inapofika, mitambo ya dizeli huzimwa kwa sherehe, kisha hung'olewa au huachwa ikaota kutu. Unguja ilijifunza kwa maumivu kwamba akiba haiozi. Mitambo ya Mpanda itunzwe katika hali ya kuweza kuwaka, na ijulikane mapema ni huduma zipi zitapewa umeme kwanza: hospitali, pampu za maji, maghala ya chanjo. Orodha hiyo isingoje usiku wa hitilafu.

Funzo la pili ni njia ya pili. Upo mpango wa muda mrefu wa kujenga njia kubwa ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, Kigoma hadi Nyakanazi, ambayo ingeizungusha gridi upande wa magharibi na kuifanya Katavi ipate umeme kutoka kusini na kaskazini. Upande wa Sumbawanga nao unajengewa njia kubwa kutoka Iringa na Mbeya, itakayounganisha pia Tanzania na Zambia. Mzunguko huo ukikamilika, njia ya Tabora ikikatika Mpanda haitazimika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na njia moja haifanyi gridi.

Hatari iliyopo ni mpango huo kuonekana si wa haraka kwa kuwa tayari Katavi "ina umeme". Ndivyo ilivyokuwa kwa Unguja kwa miaka 28, kati ya 1980 na 2008. Taa zilikuwa zinawaka, hivyo kebo nyingine haikuonekana kuwa jambo la haraka.

Funzo la tatu ni kuzalisha karibu. Zanzibar imeingia katika mpango wa dola milioni 142 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, unaojumuisha umeme wa jua na betri za kuhifadhi, ili kisiwa kisitegemee kila kitu kutoka ng'ambo. Katavi nayo ina jua la kutosha. Kituo cha jua cha megawati chache karibu na Mpanda kingepunguza mzigo katika njia ndefu wakati wa mchana, saa ambazo vinu na karakana hufanya kazi.

Funzo la nne ni la haki ya kujua. Zanzibar ilipotishiwa kukatiwa umeme, rais wake alizungumza. Katavi ina wabunge, madiwani na mabaraza ya halmashauri. Hao ndio wanaopaswa kuiuliza Wizara ya Nishati na TANESCO maswali ambayo mwananchi hana pa kuyapeleka: njia ya pili itaanza kujengwa lini, fedha zake ziko katika bajeti ya mwaka gani, na ikitokea hitilafu, mafundi na vipuri viko Mpanda au vinangojwa kutoka Tabora?

Mkulima wa Kasekese anayefikiria kukopa fedha za kununua kinu cha kukoboa mpunga atapiga hesabu zake kwa kuamini kwamba umeme utakuwepo msimu ujao na ule utakaofuata. Benki itaweka rehani shamba au nyumba yake kwa imani hiyo hiyo. Umeme ukikatika kwa saa mbili, atasubiri. Ukikatika kwa wiki nne wakati wa mavuno, kama ulivyokatika Unguja, kinu kitakuwa deni na shamba litakuwa la benki.

Zanzibar ilivumilia giza mara mbili ndipo ikapata njia ya pili, na ilipata kwa kuwa mfadhili alipatikana. Kasekese haina hoteli za kitalii wala balozi wa kuitembelea. Njia yake ya pili isipopangwa sasa, wakati nguzo za kwanza bado ni mpya, itakuwa vigumu kuipata baada ya hapo.